Barabara ipewe basi, hifadhi ipumue

Korongo la Zion, katika jimbo la Utah nchini Marekani, lina barabara moja tu, nayo haina pa kutokea. Inaufuata Mto Virgin kwa kiasi cha kilomita 10, kuta za mawe mekundu zikiwa zimesimama kulia na kushoto kwa mamia ya mita, kisha inakoma pale korongo linapobana hadi mto wenyewe ndio unaobaki kuwa njia. Aliyeingia kwa gari hana budi kugeuza na kurudi alikotoka.

Katika miaka ya 1990, magari yaliyoingia kwenye barabara hiyo siku za msimu yalifikia 5,000 kwa siku. Nafasi za kuegesha zilikuwa takribani 450. Madereva walizunguka wakivizia anayeondoka, na waliokosa nafasi wakapanda na matairi kwenye majani ya pembezoni. Mimea ikasagwa, udongo ukashindiliwa, na mlio wa maji uliowafanya watu wasafiri kutoka mbali ukamezwa na injini. Mwaka 1997 hifadhi ilipokea wageni milioni 2.4, na kila mwaka idadi ilikuwa ikipanda.

Wakuu wa hifadhi wangeweza kupanua barabara na kuchonga maegesho mengine. Hawakufanya hivyo. Mei 2000 waliifunga barabara ya korongo kwa magari binafsi kwa msimu wote wa wageni, wakaweka mabasi yasiyotozwa nauli. Robo karne imepita na utaratibu huo bado upo. Mwaka 2021 Zion ilipokea wageni zaidi ya milioni tano, mara mbili ya wale wa 1997, na hakuna aliyelazimika kuongeza hata njia moja ya magari.

Naandika makala haya kwa sababu jambo hilo linatuhusu. Hifadhi zetu za Afrika Mashariki zinasongwa na magari, na kila msimu tunajibu kwa makaripio na faini. Wenzetu walikwisha kuonyesha kwamba dawa ipo, inajulikana, na haihitaji sayansi ngumu. Lakini ina sharti moja, na wengi wanaoliiga basi hulisahau sharti hilo.

Siku moja ndani ya Zion

Mlangoni mwa hifadhi kuna mji mdogo uitwao Springdale, wenye wakazi wasiofika elfu moja. Familia iliyolala hapo inaacha gari kwenye nyumba ya wageni na kutembea hadi kituo cha basi kilicho kando ya barabara kuu ya mji. Basi la kwanza linapita mbele ya hoteli, migahawa na maduka, na kuwashusha karibu na lango la watembea kwa miguu. Wanalipa kiingilio, wanavuka hadi kituo cha wageni, na hapo wanapanda basi la pili linaloingia korongoni.

Basi hilo la pili lina vituo tisa. Wakati wa pilikapilika huja kila baada ya dakika chache, hivyo hakuna anayehitaji kukariri ratiba. Baba anaweza kushuka na watoto kwenye kituo chenye njia fupi, wakala chakula chao chini ya miti, wakatembea kidogo, kisha wakadandia basi lolote linalofuata. Mama mwenye miguu yenye nguvu anaendelea hadi kituo cha mwisho na kuingia mtoni. Jioni wanakutana Springdale. Hakuna aliyetafuta maegesho, na hakuna aliyebaki nyuma kulinda gari.

Mambo matatu ndiyo yanayoufanya utaratibu huu usimame. La kwanza ni kwamba gharama ya basi imo ndani ya kiingilio. Mgeni amekwisha kulipa, kwa hiyo hana sababu ya kusita mlangoni akihesabu nauli ya watu watano. La pili ni kwamba mabasi ni mengi. Anayejua kuwa basi lingine linakuja baada ya dakika kumi hatamani gari lake. Anayeambiwa asubiri saa mbili atalitamani, na atakuwa na haki. La tatu, ambalo ndilo kubwa, ni kwamba mabasi yanapofanya kazi, gari binafsi haliingii. Wageni waliopata chumba katika nyumba ya kulala iliyo ndani ya korongo hupewa kibali cha kufika huko, na waendesha baiskeli wanaruhusiwa. Wengine wote wanapanda basi, awe tajiri au mwanafunzi.

Mwaka 2020 ulitoa ushahidi ambao hakuna aliyeupanga. Janga la korona lilisimamisha mabasi mwezi Machi. Hifadhi ilipofunguliwa tena mwezi Mei, magari yaliruhusiwa korongoni kwa muda. Maegesho yalijaa asubuhi na mapema, askari wa hifadhi wakafunga njia, na waliofika baada ya hapo wakageuzwa. Mwezi Julai mabasi yalirudi, safari hii kwa tiketi za kukata kabla kwa dola moja, kwa kuwa abiria walipaswa kukaa mbalimbali. Kwa wiki zile chache kila mtu aliona korongo lingekuwaje bila basi: mali ya waliowahi kuamka.

Leo mabasi ya zamani yaliyotumia gesi ya propani yameondolewa. Kufikia Septemba 2024 nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na mabasi 30 ya umeme, ambayo yanapanda korongo karibu bila sauti.

Basi la kuonea wanyama

Mtu atasema Zion ni mawe na maji. Sisi tuna simba, tembo na nyumbu, na mnyama haonekani kwa kusubiri kituoni. Hoja hiyo ina jibu kaskazini zaidi, katika Hifadhi ya Denali, Alaska.

Denali ina barabara moja ya kilomita 148 inayopita nyikani chini ya mlima mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini. Humo wamo dubu, mbwa mwitu, kulungu wa aktiki na kondoo mwitu weupe. Kwa miaka mingi umbali uliwazuia watu wengi kufika. Katika miaka ya 1960, ulipokuja mpango wa kuipanua barabara na kuitia lami, mwanabiolojia Adolph Murie, aliyekuwa ametumia miaka mingi kuwachunguza mbwa mwitu na dubu wa huko, alisimama kuupinga. Sehemu kubwa ya barabara ikabaki ya changarawe. Kisha mwaka 1971 ilifunguliwa barabara kuu kati ya Anchorage na Fairbanks, na ghafla hifadhi ikawa safari ya saa chache kutoka miji hiyo miwili.

Hifadhi haikusubiri foleni ndipo ifikirie. Mwaka 1972, mwaka mmoja tu baadaye, ilianzisha mabasi na kuzuia magari binafsi kupita kilomita 24 za mwanzo. Baadaye ikaweka kikomo cha safari 10,512 za magari kwa msimu, na mwaka 2012 ikakibadilisha kuwa magari 160 kwa saa 24, mabasi yakiwemo. Kumbuka jambo hili: waliweka idadi. Hawakusema magari yasizidi sana, wala hawakumwachia dereva atumie busara yake.

Mabasi yenyewe hayana anasa. Mengi ni ya umbo lile lile la basi la shule la Kimarekani, yamepakwa rangi tu. Hakuna choo ndani wala chakula, na safari ya kwenda na kurudi yaweza kuchukua siku nzima. Abiria wote ni macho. Anayemwona dubu anapaza sauti kumwambia dereva asimame. Dereva anasimama, watu wanashusha sauti, vioo vinafunguliwa, kamera zinatoka, na hakuna anayeshuka. Dereva anaeleza mnyama ni yupi na anafanya nini. Baada ya dakika chache basi linaondoka na kumwachia dubu nafasi yake. Macho ya abiria arobaini huona wanyama wengi kuliko macho ya watu wanne, na basi lililo juu linaona mbali kuliko gari dogo. Anayetaka kutembea anashuka mahali pasipo na mnyama, anaingia nyikani, na akirudi barabarani anasimamisha basi lingine lenye nafasi.

Kuna kipengele kimoja katika mpango wa 2012 ambacho kila mhifadhi wa Afrika Mashariki angepaswa kukisoma. Kondoo mwitu wa Denali huvuka barabara kwenda na kurudi kati ya milima, na watafiti waliona kwamba magari yakipita mfululizo kondoo husita na kurudi nyuma. Hivyo ratiba ya mabasi ikapangwa ili katika sehemu za kuvukia kuwe na angalau dakika kumi kila saa ambazo hakuna gari linalopita. Dakika hizo ni zamu ya kondoo. Jambo hilo haliwezekani kwa magari mia moja ya kampuni mia moja, kila dereva akikimbizana na mwenzake kwa redio. Linawezekana kwa sababu mwenye ratiba ni mmoja.

Tangu Agosti 2021 maporomoko ya ardhi yameikata barabara ya Denali karibu katikati, na mabasi yamekuwa yakiishia kwenye nusu ya kwanza huku daraja likijengwa. Hata kwenye nusu hiyo, utaratibu haukubadilika.

Nani analipa?

Swali la fedha huua mipango mizuri mingi, kwa hiyo tulijibu mapema. Marekani wameiweka gharama kwenye kiingilio. Ujerumani wana njia nyingine. Katika eneo la Msitu Mweusi, tangu 2005, mgeni anayelala kwenye mji ulio katika mpango uitwao KONUS hupewa kadi ya mgeni, na kwa kadi hiyo anapanda mabasi na treni za eneo hilo bure muda wote wa ziara yake. Fedha hutoka kwenye tozo ndogo ambayo wageni hulipa kwa kila usiku. Hakuna anayehisi mzigo, kwa sababu umegawanywa kwa watu wengi na usiku mwingi. Na kwa kuwa mgeni amekwisha kulipia basi, kuchukua gari huwa ni kulipa mara mbili.

Huko huko Ujerumani, Hifadhi ya Msitu wa Bavaria iliongeza nguvu ya sheria. Tangu 1996 ina mabasi yake, Igelbus, yanayowapeleka watembeaji kwenye milima ya Rachel na Lusen. Wakati wa kiangazi, saa za mchana, barabara zinazopanda huko hufungwa kwa magari ya watu binafsi.

Ndiyo maana nasema basi lina sharti. Miji na hifadhi nyingi duniani zimeweka mabasi ya mapumziko ya Jumamosi na Jumapili, zikayatangaza kwa rangi nzuri, kisha zikashangaa kuyaona yakitembea matupu huku foleni ikiwa pale pale. Basi lisilopewa barabara ni gari moja zaidi kwenye foleni. Linakwama pamoja na wengine na kuchelewa pamoja nao, na mwenye gari akiliona limekwama anathibitisha kwamba alifanya vyema kuja na lake. Anayetaka magari yapungue lazima afanye mambo mawili kwa wakati mmoja: afunge mlango wa gari na afungue mlango wa basi. Akifunga wa gari pekee atawakosesha watu mbuga. Akifungua wa basi pekee hatabadilisha kitu.

Na haki itendeke: basi haliponyi kila ugonjwa. Zion ilipoondoa tatizo la maegesho, watu wengi zaidi waliweza kuingia korongoni, na baadhi ya njia za miguu zikafurika. Njia ya Angels Landing, inayopita juu ya mgongo mwembamba wa mwamba, ilibidi iwekewe kibali cha bahati nasibu kuanzia Aprili 2022. Basi linapunguza magari. Idadi ya watu ni uamuzi mwingine, nao unahitaji kikomo chake. Tofauti ni kwamba mwenye mabasi anajua ameingiza watu wangapi, kwa hiyo anaweza kuamua.

Ukingo wa Mto Mara

Sasa tuje kwetu. Kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wanapovuka Mto Mara, upande wa Serengeti na upande wa Maasai Mara, magari hujipanga ukingoni kwa makumi. Mwaka 2025 zilisambaa video za watalii walioshuka kwenye magari na kusimama kwenye njia ya nyumbu, wanyama wakababaika wasijue pa kushukia. Hasira zilikuwa kubwa, na mamlaka za pande zote mbili za mpaka zikatoa maonyo.

Kanuni hazikukosekana. Katika Maasai Mara magari yanayomzunguka mnyama mmoja hayapaswi kuzidi matano, wengine wakingoja zamu, na kila gari likae dakika kumi tu. Ni kanuni nzuri. Lakini inamtaka askari mmoja ahesabu magari, apime dakika na kubishana na madereva ambao wageni wao wamelipa maelfu ya dola na wanawasukuma wasogee. Dereva naye anajua kwamba bakshishi yake, pengine hata ajira yake, inategemea picha ile. Kanuni inamkuta gari likiwa limekwisha kufika. Kikomo cha Denali kinamkuta langoni.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme kwenye kivuko kimoja kuna magari 100 ya Land Cruiser, kila moja lina wageni sita. Hao ni watu 600. Basi la viti 28 lililo juu, lenye madirisha mapana na uwezo wa kupita kwenye matope, lingewabeba kwa safari 22. Kwa mabasi kumi na moja yanayopokezana zamu mbili, ukingo usingeona zaidi ya magari kumi na moja kwa wakati mmoja. Yangesimama mahali palipopangwa, mbali na njia za kushukia, na kama kwa kondoo wa Alaska, kungekuwa na muda ambao yote yanarudi nyuma na mto unabaki wa nyumbu.

Magari ya aina hiyo si ndoto. Malori ya safari yaliyogeuzwa kuwa mabasi marefu ya watalii yamekuwa yakipita barabara za Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa, na mabasi ya shule huwaingiza wanafunzi katika Mikumi na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, limewahi pia kuendesha basi lake la mwishoni mwa juma kuwazungusha wageni katika hifadhi hiyo ya Nairobi. Basi mbugani tunalijua. Tusichowahi kufanya ni kulipa kipaumbele.

Hofu iliyo kubwa kuliko zote, na ninaiheshimu, ni ya madereva waongozaji. Hawa ni watu waliosomea kazi yao. Wanajua ndege kwa jina na nyayo kwa sura, na nyuma ya kila mmoja kuna familia. Basi lisije likawa kisingizio cha kuwaweka nje. Kwa hiyo lisianzie kwenye hifadhi nzima. Lianzie kwenye maeneo machache yanayosongwa, kwa miezi michache ya msimu. Dereva atamchukua mgeni wake uwanja wa ndege, atamzungusha kwenye nyanda nyingine zote, na atamfikisha kwenye kituo cha basi. Ndani ya basi atahitajika mwongozaji, na nafasi hizo wapewe wao kwanza. Denali nayo inatoa vibali vichache maalumu kwa wapiga picha wa kitaalamu ili kazi yao isife. Nasi tunaweza kufanya hivyo bila kuvunja utaratibu.

Kuna hofu ya pili: kwamba mgeni anayelipa sana hatakubali kukaa na wengine. Lakini mgeni huyo huyo anakwenda Zion na kupanda basi kama kila mtu. Kinachomkera si kukaa karibu na mtu mwingine bali kusafiri nusu ya dunia kisha akaishia kuutazama mgongo wa gari la mbele.

Lango la mwananchi

Hata kama hakungekuwa na foleni hata moja, ningetetea basi kwa sababu nyingine, nayo kwangu ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Wengi wetu hatuna magari. Mtanzania anayetaka kuingia hifadhini hashindwi na kiingilio, maana raia hutozwa kidogo mno kuliko mgeni. Anashindwa na gari. Kukodi gari la mbugani kwa siku moja ni fedha inayoweza kula sehemu kubwa ya mshahara wa mwalimu. Matokeo yake, tumejenga hifadhi ambazo mlango wake halisi ni mlango wa gari.

Chukua Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inakatiza ndani ya hifadhi hiyo kwa kiasi cha kilomita 50. Kila siku mabasi ya abiria yanapita hapo, na watu wanainuka vitini kumwangalia twiga au kundi la nyati. Watanzania wengi walimwona tembo kwa mara ya kwanza hivyo, kupitia dirisha la basi la mkoani, wakiwa safarini kwenda msibani au shuleni. Hawakuwahi kuingia hifadhini, hifadhi iliwapitia.

Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakwenda kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa chini ya saa mbili. Kutoka Morogoro hadi Mikumi ni kama kilomita 100. Fikiria tiketi moja ya Jumamosi: treni ya alfajiri, basi linalosubiri nje ya stesheni, kiingilio kikiwa ndani ya bei, kisha basi la wazi la hifadhi linalozunguka na mwongozaji anayeeleza kwa Kiswahili, na jioni treni ya kurudi. Muuguzi wa Temeke na watoto wake wangeweza kwenda. Kijana wa chuo angeweza kwenda na rafiki zake. Kila kipande cha safari hiyo kipo tayari isipokuwa mabasi mawili na mtu wa kuziunganisha ratiba.

Zanzibar pia ina mfano wake. Msitu wa Jozani ndio makao makuu ya kima punju, kima mwekundu ambaye asili yake ni Unguja na hapatikani kiasili mahali pengine duniani. Barabara ya kutoka mjini kwenda pwani ya kusini mashariki inapita msituni humo. Ilipowekwa lami katikati ya miaka ya 1990, magari yakaanza kukimbia, na watafiti walikadiria kwamba kima mmoja alikuwa akigongwa na kufa kila wiki mbili hadi tatu. Yalipojengwa matuta, vifo vikapungua hadi mmoja kwa kila wiki sita hivi. Matuta yalisaidia sana. Lakini kima anayefia barabarani anauawa na wingi wa magari pamoja na mwendo wake, na magari ya wageni yameongezeka kadiri hoteli za pwani zilivyoongezeka. Wakati huo huo daladala za Jambiani na Makunduchi, namba 309 na 310, zinapita mlangoni kabisa mwa msitu kwa nauli ndogo. Mabasi ya staha yenye saa zinazojulikana, yanayounganisha Mji Mkongwe, Jozani na hoteli za ufukweni, yangeweza kuondoa teksi nyingi barabarani bila kujenga chochote kipya.

Tuanze wapi

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika hifadhi, mwenyeji ni nyumbu, ni kima, ni majani yaliyo pembezoni mwa njia, na ni mwanakijiji anayeishi jirani. Ziara inayomwacha mwenyeji hoi haijatimiza adabu ya ugeni.

Sipendekezi mapinduzi ya siku moja. Napendekeza kila mamlaka ichague mahali pamoja. Serikali ya Kaunti ya Narok ichague kivuko kimoja cha Mto Mara. Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA, lichague kivuko kimoja upande wa Serengeti, na pia liketi na Shirika la Reli kuhusu Mikumi. Zanzibar ichague barabara ya Jozani. Kila mmoja atangaze mwaka mmoja kabla, ili kampuni za safari zipange bei na madereva wapate mafunzo. Gharama iingizwe kwenye kiingilio au kwenye tozo ya kila usiku hotelini, isiwe nauli ya kuchangishwa mlangoni. Mabasi yawe ya kutosha kiasi cha mtu kutolazimika kuuliza lingine litakuja saa ngapi. Zabuni iwe wazi, na vijiji vya jirani vipewe sehemu ya umiliki, kwa sababu wao ndio wanaokula vumbi la magari ya leo. Baada ya misimu miwili, wahesabiwe wanyama, wahesabiwe wageni, waulizwe madereva, na matokeo yachapishwe kila mtu ayasome.

Na juu ya yote, siku ile basi la kwanza litakapoondoka, kizuizi kishuke nyuma yake. Hapo ndipo mipango mingi hulegea. Atakuja kiongozi mwenye msafara, atakuja mwekezaji mwenye wageni mashuhuri, atakuja mtu mwenye namba ya simu ya mkubwa. Kizuizi kikiinuka kwa mmoja kitainuka kwa wote, na baada ya mwezi tutakuwa na mabasi matupu na foleni ile ile. Zion na Denali hazikufanikiwa kwa sababu ya utajiri wa Marekani. Zipo hifadhi nyingi huko huko, tajiri vile vile, ambazo bado zinakabwa na magari. Zilifanikiwa kwa sababu kuna mtu alisimama barabarani akamwambia mwenye gari, kwa heshima na bila kumbagua yeyote, kwamba mwisho wake ni hapa na basi liko pale. Askari wetu wa hifadhi wanaweza kulisema neno hilo, mradi wakubwa wao wawe wa kwanza kupanda basi.